Nyani Asionje: Mwongozo wa Kulinda Shamba, Nyumba na Safari

Mwezi wa tano, mahindi yakiwa mabichi ya kuchoma, nilifika shambani kwetu Kilosa nikakuta mistari ya upande wa korongo imelala. Mabua yamevunjwa katikati, maganda yametapakaa kama ngoma imechezwa pale usiku kucha. Kilichoniuma zaidi ni yale yaliyotupwa: hindi limemenywa, limeng'atwa mara mbili, limeachwa, likachukuliwa jingine. Juu ya kichuguu alikaa dume mmoja, mashavu yametuna pande zote mbili kwa punje alizozihifadhi, akiniangalia bila haraka yoyote. Tulikuwa tumekwenda msibani siku tatu. Siku tatu zilimtosha.

Tangu hapo nimelinda shamba lile misimu mingi, nimekaa na wazee wanaoijua kazi hii, na nimesoma kila nilichokipata kuhusu mnyama huyu. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya mkulima anayepakana na pori, mama mwenye jiko la nje, dereva wa barabara ya Mikumi, na mgeni anayekwenda hifadhini na watoto wake. Yote yanasimama juu ya jambo moja: nyani hupiga hesabu. Akipata chakula kingi kwa taabu kidogo, kesho atarudi, na wadogo wataifuata njia hiyo hiyo. Akikosa, anarudi kwenye mizizi, maganda ya migunga na matunda yake ya porini, chakula kinachomchukua kutwa nzima kukitafuta. Kazi yetu ni kumvurugia hesabu. Na ni kazi nyepesi kabla hajaonja. Akishaonja, utatoka jasho.

Hatua ya 1: Mjue unayeshindana naye

Watu wengi humwita nyani kila mnyama mwenye mkia aliye mtini. Tumbili ni mdogo, uso mweusi, manyoya ya kijivu. Kima ni wa msituni, mzito kuliko tumbili kidogo. Mbega, mweusi kwa mweupe, anakaa juu kabisa anakula majani, hana habari na mahindi yako, na inasikitisha kuona anavyopigwa mawe kwa makosa ya wengine. Nyani ni yule mkubwa mwenye pua ndefu kama ya mbwa, anayetembea chini kwa miguu minne, mkia umepanda kidogo kisha umeanguka kana kwamba umevunjika. Dume hufika kilo 25 na zaidi, na chonge zake zinaweza kumtisha hata chui. Jike ni karibu nusu ya uzito huo.

Morogoro, Pwani, na kaskazini mpaka pwani ya Kenya na Amboseli, aliyepo ni nyani wa manjano, mwembamba, miguu mirefu. Manyara, Serengeti, Gombe, Nakuru na Uganda ni nyani mwingine, wa rangi ya kijani iliyofifia, mabega manene. Huko Amboseli aina hizi mbili hukutana na kuzaana. Kwa mkulima tofauti si kubwa, tabia zao ni zile zile.

Lakini hili lishike: kundi la nyani ni ukoo wa mama. Majike hubaki walikozaliwa maisha yao yote; madume wakikua huhama kwenda makundi mengine. Maana yake, njia ya kuingia shambani kwako inakaa kwenye kichwa cha bibi, cha mama na cha binti. Ukiua dume mmoja umepunguza mdomo mmoja tu, na elimu yote imebaki palepale.

Hatua ya 2: Hakikisha mwizi ni yeye

Nyani halali chini wala hatembei usiku. Jua likizama yuko juu ya mti mkubwa au kwenye majabali, na hashuki mpaka kupambazuke. Kwa hiyo ukiliacha shamba zima jioni na kulikuta limeharibiwa alfajiri, mtafute nguruwe, nungunungu au kiboko, si nyani.

Ukiwa na shaka, soma alama. Nguruwe huangusha mabua na kuyakanyagakanyaga, udongo unakuwa umefukuliwa kwa pua. Nungunungu huguguna muhogo palepale ardhini na kuacha miba. Nyani huvunja bua, humenya hindi kwa mikono kama wewe, na hulitupa likiwa na punje. Muhogo huung'oa na kuuacha umelala juu. Karanga hufukua mstari kwa mstari kwa vidole. Unyayo wa nyuma unafanana na wa mtoto mdogo, ila kidole gumba kimejitenga.

Hatua ya 3: Fuatilia ratiba yao kwa wiki nzima

Kabla ya kupanda, tenga wiki moja. Uliza wanapolala: ni mikuyu ya mtoni, migunga mirefu au jabali gani. Chini ya mti wa kulala utakuta kinyesi kingi na harufu kali. Kisha ujue wanashuka saa ngapi, wanakunywa maji wapi, na wanapita upande gani wa shamba. Kundi hutembea kilomita kadhaa kwa siku, lakini haliendi ovyo, lina njia zake.

Sikiliza pia. Dume anapoona hatari hubweka sauti nzito yenye mapande mawili, inasikika mbali sana. Nyani waliokuja kuiba, kinyume chake, hunyamaza kabisa. Ukiwaona wamekaa pembeni mwa pori tangu asubuhi na hakuna hata mtoto anayelia, jua wanakusubiri uende kula.

Hatua ya 4: Panga shamba kabla ya jembe la kwanza

Uharibifu mwingi hutokea kwenye ukingo, kwenye mita 200 au 300 za kwanza kutoka porini. Hapo ndipo wengi tunakosea, tunapanda mahindi mpaka kwenye kichaka chenyewe kwa sababu udongo wa pale una rutuba. Nyani hana haja hata ya kutoka kivulini, ananyoosha mkono tu.

Fyeka ukanda mpana kati ya pori na mazao, upana wa kutosha kwamba nyani akitoka lazima aonekane na ajione ameonekana. Nyani akiwa peupe ana wasiwasi; adui zake humkamata hapo. Ukingoni panda vitu asivyovipenda: pilipili, pamba, tumbaku. Mahindi, karanga, viazi vitamu, matikiti na migomba, vyote anavyovipenda kama sisi, visogeze karibu na nyumba au katikati ya shamba.

Zungumza na majirani mpande kwa pamoja. Shamba linalokomaa peke yake, mapema au kwa kuchelewa, linabeba njaa ya kundi zima. Mkikomaza pamoja, hasara inagawanyika na walinzi wanakuwa wengi kwa wakati mmoja.

Kuhusu uzio, sitakudanganya. Seng'enge, miiba, mabati, vyote huvipanda. Uzio wa umeme unaweza kufanya kazi, lakini unataka fedha na mtu wa kuukagua kila siku; tawi moja likiuangukia, wamepita juu ya tawi.

Hatua ya 5: Kuamia, yaani kukaa shambani kulinda mazao

Hakuna dawa inayoshinda macho ya mtu. Wazee walijenga dungu, jukwaa la miti lililoinuka mita mbili au tatu lenye kibanda juu, na mpaka leo sijaona kitu kilicho bora zaidi. Lijenge upande wa pori, si upande wa nyumbani, kwa sababu kinachotakiwa ni kuwaona kabla hawajaingia.

Uwe juu ya dungu saa 12 asubuhi, kabla hawajashuka mitini. Usiondoke mpaka jua lizame. Najua ni kutwa nzima, ndiyo maana kazi hii haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Pangeni zamu watu watatu au wanne wa mashamba yanayopakana. Msiwaachie watoto: mtoto anakosa shule kwa ajili ya kulinda, na nyani wenyewe humpima kwa kimo chake wakaona hana nguvu.

Humpima hata mwanamke. Wakulima wa kike kila mahali wanalalamikia hili, na si maneno ya mtaani. Mama yangu alikuwa akivaa koti la baba na kofia yake ya pama, anatembea kwa hatua kubwa na fimbo begani. Wakiwa mbali walikimbia. Siku moja aliniita kwa jina, nao walikuwa wanaondoka. Yule wa nyuma akasimama, akageuza kichwa kusikiliza, akakaa chini. Tangu hapo mama akawa haongei akiwa shambani, anapiga debe.

Namna ya kufukuza ni hii. Ukiwaona ukingoni, shuka uwaendee moja kwa moja, kwa mwendo wa kujiamini, ukipiga debe na kupaza sauti. Usisubiri wachume. Nyani aliyekimbizwa mikono mitupu amepata hasara. Nyani aliyekimbizwa na hindi mkononi amelipwa, na kelele zako kwake ni gharama ndogo tu ya kazi. Kwa hiyo dakika mbili za kuchelewa ndizo zinazoharibu msimu. Teo au manati husaidia. Piga ardhini karibu yao au kwenye vichaka, usilenge kumjeruhi. Na siku zote waachie njia ya kutorokea upande wa pori. Dume aliyezingirwa hakimbii, anageuka.

Mbwa wanasaidia sana, wakiwa wawili au zaidi, na wakiwa wamechanjwa kichaa cha mbwa. Mbwa mmoja peke yake ukimtuma kwenye kundi umemtoa kafara. Nimemzika mmoja, amechanwa shingo kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuusimulia.

Sanamu la nguo, kanda za kaseti zinazometameta, redio: vyote vinafanya kazi siku chache. Vibadilishe mahali, vitumie wiki ambayo mahindi yanakomaa tu, usivitundike tangu mwezi wa pili. Ukiona nyani mzee ujue amekwepa mishale mingi. Huyo hatishwi na shati lililojazwa majani kwa mwezi mzima.

Hatua ya 6: Mambo ya kutofanya kabisa

Usitege sumu. Sumu haimchagui nyani. Inaua mbwa wako, inaua tai wanaokuja kula mzoga, na tai wakiisha mizoga inaoza kijijini. Tena chambo lenyewe ni tikiti au hindi, kitu anachoweza kukiokota mtoto wa jirani. Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza.

Usitege nyaya. Wanakamatwa digidigi, mbuzi na mbwa kabla ya nyani.

Usimchukue mtoto wa nyani umfuge, hata kama mama yake amegongwa na gari na kinakulilia. Kinyani kile cheusi chenye masikio ya waridi kinashawishi moyo, ninakubali. Akishakua ana chonge na ana nguvu za kumshinda mtu mzima, na hamwogopi binadamu tena. Mpigie askari wa wanyamapori.

Na usishangilie chui anapouawa. Chui ni adui mkuu wa nyani. Nchini Ghana simba na chui walipokwisha kwenye hifadhi, nyani waliongezeka na kuenea mpaka kwenye mazao ya watu. Mwenye kuua chui anamfungulia nyani mlango wa shamba.

Hatua ya 7: Nyumbani na jalalani

Nyani wa shambani anakuja nyumbani akishajua kwamba nyumbani kuna ugali uliopikwa. Jiko la nje liwe na mlango unaofungwa kwa komeo, si kwa kamba. Vidole vyake vinafungua kila fundo. Madirishani weka wavu mgumu. Mahindi usiyaanike uani bila mtu. Mayai na vifaranga atabeba, na dume aliyezoea hukamata hata kitoto cha mbuzi, kwa hiyo wadogo wa mifugo wasichungwe pembezoni mwa pori peke yao.

Taka ndilo jambo linalodharauliwa kuliko yote. Ngoja nieleze lililotokea Masai Mara miaka ya 1980. Robert Sapolsky, mtafiti kutoka Marekani, alikuwa akifuatilia makundi ya nyani pale. Karibu kulikuwa na hoteli ya watalii yenye shimo la taka, na nyama yenye kifua kikuu cha ng'ombe ikatupwa humo. Madume wakali wa kundi la jirani walikuwa wakienda kila alfajiri kupigania mabaki na nyani wenye eneo lile. Wakaambukizwa, wakafa wote waliokuwa na desturi hiyo, karibu nusu ya madume wa kundi lao. Amboseli nako, nyani waliokula jalala la hoteli walinenepa sana kuliko wenzao waliochimba mizizi porini. Jalala lililo wazi linawaua, linawanenepesha, na kabla ya hayo linawafundisha kwamba pale penye watu pana chakula.

Kwa hiyo shimo la taka liwe refu, lenye kifuniko kizito kinachofungwa. Mabaki ya chakula yafukie siku hiyo hiyo. Mwenye hoteli, shule au kambi karibu na pori aanze na hili kabla ya kununua firimbi na bunduki za kurushia rangi.

Hatua ya 8: Barabarani

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia inakatisha Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Kila abiria anawajua nyani wa pale. Wanakaa kwenye lami kama wapokea ushuru, wanangoja ganda la ndizi, hindi la kuchoma, biskuti. Aliyerusha anacheka, basi linaondoka, na gari linalofuata linamkuta nyani katikati ya njia akiokota. Nimeona jike amelala pembeni pale, mtoto bado ameng'ang'ania tumboni. Sijala chochote ndani ya basi sehemu ile tangu siku hiyo.

Ukipita huko, fanya hivi. Dereva, fuata mwendo uliowekwa. Faini ya kugonga mnyama ipo na inatozwa. Usisimame kuwapiga picha palipo na kundi, kwa sababu kwao gari lililosimama ni sahani. Funga vioo ukipunguza mwendo. Utingo na kondakta, waambieni abiria mapema, kabla ya geti, taka zote ziingie kwenye mfuko. Mwenye lori la mahindi akague turubai na magunia, maana gunia lililotoboka linalisha kundi zima kwa kilomita kadhaa. Hayo yote yanafaa pia kwa barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, pale Gilgil na Naivasha.

Hatua ya 9: Mkikutana uso kwa uso

Wahenga walisema ukitaka kumuua nyani usimtazame usoni. Mimi nasema hata kama hutaki kumuua, usimtazame usoni. Kwake jicho lililokazwa ni tangazo la vita. Naye ana lugha yake, na inasomeka: akiinua nyusi na kuonyesha weupe wa kope, anakuonya. Akipiga miayo mirefu akikuangalia, si usingizi, anakuonyesha chonge. Akipiga ardhi kwa kiganja na manyoya ya mabega yamesimama, amebakiza hatua moja.

Angalia pembeni, usicheke kwa kuonyesha meno, rudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo. Usikimbie. Mtoto mshike mkono, mweke nyuma yako, lakini usimnyanyue kwa ghafla mbele ya nyani. Kama una chakula mkononi na amekitaka, amekishika, kiachie. Hakuna mkate wenye thamani ya kidole. Kama huna, mwonyeshe viganja vitupu. Usisimame kati ya mama na mwanawe, na usimkaribie kinyani anayecheza peke yake hata kama mama haonekani, maana yupo.

Hifadhini, kula ndani ya gari au ndani ya jengo. Gombe, nyani hutembea mpaka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na wageni huambiwa wasile nje. Ziwa Manyara nako makundi ni makubwa na yamezoea watu. Ukimwona nyani mwenye vidonda, hasa sehemu za siri, usimsogelee. Kuna ugonjwa wa bakteria wa jamii moja na buba ulioonekana kwa nyani wa Manyara na Gombe. Mwambie askari wa hifadhi mahali ulipomwona.

Hatua ya 10: Akikung'ata au kukuparura

Hapa nakuomba usome mara mbili. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani na wengi huacha baada ya dakika mbili. Ukiwa na spiriti au iodini, paka baada ya kuosha. Usipake majivu, mafuta ya taa, kinyesi cha ng'ombe wala majani. Kama damu inatoka kwa nguvu, kandamiza kwa kitambaa safi.

Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Sema wazi: nimeng'atwa na nyani. Uliza mambo matatu: chanjo ya kichaa cha mbwa, sindano ya pepopunda, na dawa ya kuzuia usaha. Kichaa cha mbwa hubebwa na mnyama yeyote anayenyonyesha, si mbwa peke yake, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Chanjo hutolewa kwa dozi kadhaa kwa siku zilizopangwa. Usikatishe kwa sababu jeraha limekauka. Jeraha la chonge huonekana dogo juu huku limezama chini, kwa hiyo uamuzi wa kulishona au kuliacha wazi mwachie daktari.

Hatua ya 11: Toa taarifa yenye uzito

Kwenda kwa mtendaji wa kijiji na kusema "nyani wametumaliza" hakuleti mtu. Nunua daftari. Andika tarehe, saa, walikotokea, idadi ya kukadiria, mazao gani na mistari mingapi. Piga picha. Wakulima kumi wenye madaftari kumi wakiingia kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri wanasikilizwa tofauti na wakulima hamsini wenye hasira. Muulize pia, kabla ya msimu, sheria inakupa nini na haikupi nini kwa hasara ya nyani. Usikae ukingoja malipo ambayo huna hakika nayo. Kenya, taarifa hupelekwa kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS.

Wengine huomba nyani wahamishwe. Imewahi kufanyika. Mtafiti Shirley Strum alianza kufuatilia nyani wa ranchi ya Kekopey, karibu na Gilgil, mwaka 1972. Ranchi ile ikauzwa, ikagawanywa, wakulima wakaingia na mahindi yao. Baadhi ya nyani wakaonja na kukolea, wakajitenga na wenzao, na kundi hilo likaitwa Wabaya. Wengine waliotoka kwenye kundi lile lile walibaki na chakula cha porini. Mwaka 1984 Strum alihamisha makundi kutoka pale akayapeleka nyanda kavu za Laikipia, na walimudu maisha mapya. Lakini ilihitaji mtego wa kila mmoja, magari, daktari wa mifugo na miaka ya kuwajua kwa majina. Halmashauri yako haina hayo, na eneo likibaki tupu kundi jingine litaingia.

Hatua ya 12: Baada ya kuvuna

Hii tunaisahau kila mwaka. Umevuna, umechoka, dungu limebaki bila mtu, na shambani kuna mahindi yaliyoanguka, viazi vidogo vilivyoachwa ardhini, karanga zilizosalia. Nyani wanaingia bila kelele wala debe. Wanaleta watoto waliozaliwa mwaka huo, ambao sasa wanapanda migongo ya mama zao na kuangalia kila anachokiokota. Hapo ndipo msimu wako ujao unapofundishwa.

Siku ya mwisho ya mavuno, rudini watu wote mwende mstari kwa mstari mkiokota kila kilichobaki. Lazeni mabua, yaondoeni kwa chakula cha ng'ombe. Chimbueni viazi vya pembeni hata vile vya ukubwa wa kidole. Kisha mtu mmoja abaki kwenye dungu wiki moja zaidi, saa 12 asubuhi kama kawaida, akiwa na debe lake.

Mwaka jana aliyebaki ni mimi. Walikuja siku ya pili, wakakaa ukingoni, jike mmoja akatembea mpaka katikati ya ukanda tuliofyeka, akafukua kidogo kwa vidole, akanusa mkono wake, akarudi. Siku ya tano hawakuja.